Bukama: siku nzima nyuma ya treni

Saa kumi na moja ya asubuhi, siku ya mposho, tulikuwa tumekwisha kukaa juu ya mawe karibu na kilalo cha reli cha Bukama, upande wa Kamina, macho ku Lualaba. Ni kiangazi. Maji yameshuka, ukungu umelala juu yake, na wavuvi wawili walipita na mtumbwi karibu yetu bila kutuona. Kijana wetu wa foto alikuwa amefunga mashini yake mu plastiki juu ya unyevu. Treni ilikuwa inangojewa "usiku ao asubuhi". Ndivyo walivyotuambia ku gare jana yake, na watu wa pale walituhakikishia kwamba hilo ni jibu zuri. Kuna siku jibu ni kupandisha mabega tu.

Safari hii ilianza na neno la msomaji wetu mmoja, mchimbaji wa zamani wa Kolwezi, mwenye alituuliza: "Kila siku munatuonyesha ba kamyo ya Kasumbalesa. Treni yetu ilikufa? Kama haikufa, mutuonyeshe." Kwanza tulicheka. Kisha tukatafuta mu picha zetu za miaka yote, na kweli, hatukukuta hata moja ya treni yenye kutembea. Picha za reli tulikuwa nazo: wakubwa wanakata kamba, wakubwa wanapanda ku lokomotivu iliyosimama, wakubwa wanashuka. Treni yenye kubeba watu na mizigo, na moshi wake na vumbi lake, hapana. Basi tukasema tutaenda mahali reli inapovuka mto, tutakaa siku moja, na chochote chenye kupita tutakikimbiza.

Mu Ulaya na Marekani kuna watu wanaofanya hivyo kwa kupenda tu, hakuna anayewalipa. Mu Ujerumani, ku mto Rhine, kati ya Koblenz na Bingen, reli inapita pande zote mbili za maji, na treni moja ikipita nyingine haikawii. Mtu anakaa juu ya kilima mu shamba la mizabibu, na mkate wake, anaangalia masaa ya treni ku telefone, jioni anarudi kwake na foto mia. Siye, saa yetu ilikuwa sikio la mzee mmoja.

Watu wote wanamwita Baba Kantonye, kwa kuwa ile njo kazi aliyoifanya mpaka pensheni: kutembea kwa miguu ku reli, nyundo ku bega, kukaza buloni, kutoa traversi zilizooza na kutia zingine. Tulimkuta tayari pale ku mto, amevaa koti la zamani la kazi. Tulimuuliza kama ni kweli mtu akitia sikio ku reli anasikia treni ya mbali.

"Ile ni mambo ya sinema, bana yangu," alisema. "Muangalie njiwa. Beko mu chuma ya kilalo. Kama banaruka bote mara moja, treni iko karibu. Chuma inatetemeka mbele ya masikio yenu kusikia."

Tukaangalia njiwa.

Saa moja na nusu hivi akafika askari mwenye kulinda kilalo. Alitusalimu vizuri, akaomba karatasi. Kila mtu mwenye kutembea na mashini ya foto mu inchi yetu anajua: kilalo, gare, uwanja wa ndege, vile si vitu vya kupiga foto ovyo. Tulikuwa na ordre de mission yenye mihuri yote, tuliitafuta kwa siku mbili. Askari aliichukua kwa mikono miwili, akaanza kuisoma. Aliisoma neno kwa neno, majina, nambari, mpaka tarehe. Alikuwa anafika ku muhuri wa pili wakati njiwa waliruka.

"Chef," kijana wetu akasema, "treni..."

"Mungoje nimalize."

Treni ikaingia ku kilalo. Lokomotivu ya mazutu ilikuwa mbele, inakohoa. Nyuma yake kontena, vago zenye kufungwa, sisterne mbili za mafuta, na watu wawili wamekaa juu ya mizigo, miguu inaning'inia. Jua lilikuwa linaingia mu ukungu na kilalo chote kilikuwa na rangi ya shaba mpya. Baba Kantonye alihesabu kwa kidole: vago kumi na nane. Mashini ya foto ilikuwa mu mfuko. Askari alikunja karatasi, akaturudishia, akasema kwa upole: "Sasa munaweza." Vago ya mwisho ilikuwa inashuka ku kilalo.

Hatumlaumu. Karatasi ilikuwa ndefu, na yeye alifanya kazi yake kuliko wengi.

"Mupande!" Baba Kantonye akatuambia. "Haitakwenda mbio. Kule mbele reli inapanda mulima."

Na ni kweli. Bukama iko chini mu bonde, Kamina iko juu zaidi ya mita 1 000, na treni yenye mizigo lazima ipande yote ile. Tulikuwa tumekodi pikipiki mbili. Tukapita mu njia ya miguu yenye kufuata reli, ile wanapita watu wa kinga na mifuko ya makala, na kweli tuliona mukia wa treni mbele yetu. Lakini kupiga foto treni kutoka nyuma ni kupiga vumbi. Ilibidi tuipite, tuwe mbele, tushuke, tujipange. Tulipoanza kuipita, tukaingia mu moshi: watu walikuwa wamewasha majani kwa ajili ya panya wa pori, na upepo uliuleta wote ku reli. Tukatoka mu moshi macho yanalia. Treni ikapiga honi. Mtoto mmoja alitoka mu majani kuipungia mukono. Na pale mnyororo wa pikipiki ya kijana wa foto ukakatika.

Alishuka, akapiga foto moja, amesimama juu ya pikipiki iliyolala. Tuliiona kisha: moshi, vago ya mwisho, mukono wa mtoto bila mtoto. Watu wa Rhine wangeifuta.

Tulirudi kwa miguu, tunasukuma. Saa mbili za jua, na mtu akisukuma pikipiki anapata wakati wa kufikiri juu ya yule mzee wa Kolwezi na ulizo lake. Kwa nini alisema "treni yetu"?

Reli hii ilitoka kusini. Ilifika Sakania 1909, ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikatoka mu tanuri. Bukama iliipata 1918. Na hapa ikasimama, kwa sababu hapa njo Lualaba inaanza kubeba mashua za maana, kushuka kwenda Kongolo. Kwa miaka kumi mzigo uliofika na vago ulishushwa ku kivuko, ukapakiwa mu mashua. Mu 1928 reli ya BCK ikamaliza njia kutoka Bukama mpaka Ilebo, ku mto Kasai. Toka siku ile shaba iliweza kupita mu inchi yetu peke yake: treni mpaka Ilebo, mashua mpaka Kinshasa, treni tena mpaka Matadi. Wazee wanaiita mpaka leo voie nationale. Ilikuwa ndefu, ilikuwa ya polepole, na wakati njia ya Lobito ilifungwa na vita ya Angola mu 1975, ilibeba mzigo mkubwa kuliko mbele.

Lakini shaba inashuka, watu walipanda. Union Minière ilitafuta wafanyakazi mu Lomami na mu Kasai, na wengi walifika na treni hii. Msomaji, uliza mu lupango lenu. Kama babu yako alikuja Likasi, Kipushi ao Kolwezi kutoka kule, inawezekana sana alivuka kilalo hiki, ameshika sanduku moja, hajui bado shimo ni nini. Na maji aliyoyaona chini yake yalikuwa yametoka kule alikokuwa anaenda. Lualaba inapita Nzilo na Nseke, kule ambako kisha walijenga barrage zenye kuwasha mashini za migodi, mbele ya kufika Bukama.

Mambo mengine Baba Kantonye aliyasema bila sisi kuuliza. Tulikuwa tumerudi, tumekaa ku kivuli, tunakula bukari na samaki wabichi wa mto. Alisema mu 1992 na 1993, wakati ndugu zetu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa mu Likasi na Kolwezi, wale waliolala wiki kwa wiki ku gare, yeye alikuwa kazini hapa.

"Treni ilikuwa inapita na bantu ndani, bantu juu, bantu kati ya vago. Tulikuwa tunasimama ku kilalo na nyundo, hatusemi kitu. Kisha inapita, tunarudia kukaza buloni. Ungefanya nini?" Aliosha mikono. "Hakuna mutu alipiga foto. Ile siku hapana. Mungu asante, ao Mungu hapana asante, sijui."

Hatukuandika kitu kwa muda.

Saa sita tulienda ku gare kuuliza. Shefu wa gare alitupokea ku meza yake, telefone mbili mbele yake, akatuambia treni ya pili imetoka Kamina asubuhi, inakuja, inaelekea Luena, Lubudi, Tenke, Likasi mpaka Lubumbashi. Ingefika jioni. Inje, chini ya mwembe, watu walikuwa wengi kuliko tulivyofikiri: wanafunzi na magodoro yao, mwanajeshi na bibi yake, mtu mwenye mbuzi watatu, na wamama wa samaki.

Mmoja wao alikuwa amekaa juu ya kitunga, miguu juu ya kingine. Alikuwa na vitunga sita vya samaki wa moshi, wametoka ku maziwa ya chini, Upemba na Kisale. Alikuwa anangojea toka siku ya tatu.

"Mama, na kamyo?" tuliuliza.

"Kamyo inaomba bei yenye inakula faida yote," alijibu. "Na barabara inavunja samaki. Mu treni samaki inafika nzima. Ni paka kungojea njo kunaua." Alifungua kitunga kimoja, akatuonyesha. Samaki walikuwa wazuri, weusi, wamekunjwa mukia mu kinywa. Akatingisha mmoja juu ya kiganja, vumbi kidogo likaanguka. "Munaona? Bidudu banaanza. Siku mbili tena, nitauza unga."

Bwana wake anachimba kule Kolwezi, mu mashimo ya watu wadogo. Wakati mvua inajaza mashimo, mu nyumba kunabaki faida ya samaki peke yake. Watoto wane wanasoma. Minerval ya mukubwa ilikuwa imepita siku yake, na mukubwa mwenyewe alikuwa anaketi nyumbani Lubumbashi, kwa nyanya yake, anangojea vitunga vile vile. Mama alisema haya yote polepole, anafunga kamba, anafungua, anafunga tena.

Kijana wetu akaomba ruhusa ya kumpiga foto. Akakataa. "Na hii uso ya siku ine? Upige treni. Treni haina haya."

Ilibidi tuchague. Treni ingesimama ku gare muda mfupi, na ku kilalo ingepita muda mfupi zaidi, na jua la kiangazi linashuka mapema. Mtu hawezi kuwa pande mbili. Tukagawanyika: kijana wa foto na Baba Kantonye ku kilalo, siye wengine ku gare.

Saa kumi hakuna kitu. Saa kumi na nusu hakuna kitu. Wanafunzi walianza kucheza kadi. Mtu wa mbuzi alilala. Kisha shefu wa gare akatoka amevaa kofia yake, na watu wote wakasimama bila mtu kusema neno. Kofia ile ilikuwa na nguvu kuliko honi.

Mwenye hajawahi kuona treni inaingia mu gare ya mu bara baada ya siku nyingi hawezi kujua kazi ile. Mbele ya magurudumu kusimama, magodoro yalikuwa yamekwisha kuingia mu madirisha. Mbuzi waliingia. Mtoto alipita juu ya vichwa, kutoka mukono mpaka mukono, akafika kwa mama yake ndani akiwa anacheka. Wamama wa samaki walijua wapi vago ya mizigo itasimama, walikuwa wamejipanga pale. Lakini ilisimama mbali, hatua makumi tano mbele. Wakakimbia na vitunga. Mama yetu hakuwa na mtu.

Tulikuwa na telefone nzuri yenye kupiga foto nzuri. Ilibaki mu mfuko. Tulibeba kitunga cha kwanza wawili wawili, tukarudi, cha pili, cha tatu. Ndani kijana mmoja aliyekuwa amejaa jasho alikuwa anavuta. "Leta! Leta, Papa!" Cha ine. Cha tano kilipasuka kidogo upande, Mama akatia kitenge chake mu tundu. Treni ikapiga honi. Tulikuwa na cha sita mikononi, katikati ya njia, wakati vago zilianza kusogea. Mama alikuwa ndani, ameshika chuma ya mulango.

"Muache!" alilia. "Muache, mutaanguka! Muachie Baba Kantonye!"

Tukasimama na kitunga. Treni ikaenda zake, na watu ku madirisha wanatupungia kama jamaa.

Giza lilikuwa linaingia wakati kijana wetu alirudi kutoka ku kilalo. Hakusema kitu, akatuonyesha tu kioo cha mashini. Alikuwa ameshuka mpaka ku maji yenyewe. Askari wa asubuhi, alituambia, ndiye aliyemwita: "Utoke pale, nguzo inakuziba. Simama hapa." Ku foto, treni iko katikati ya kilalo, nyeusi, kwa sababu jua liko nyuma yake, nambari ya lokomotivu haisomeki, na wapenda-treni wa Rhine wangelalamika. Lakini watu juu ya vago wanaonekana mmoja mmoja, kama wamekatwa na makasi: mwenye kofia, mwenye godoro, mama mwenye mtoto ku mgongo, mtu mwenye kusimama na mikono ku kiuno kana kwamba treni ni yake. Chini, mu maji ya rangi ya chungwa, mvuvi mmoja anatupa wavu. Hakuinua hata kichwa.

Tulimpa Baba Kantonye mashini aangalie. Akaisogeza mbali na macho, kisha karibu. Tulifikiri anaangalia treni.

"Unaweza kuikuza hapa? Ku mwisho wa kilalo." Kijana akaikuza. Mzee akaweka ukucha juu ya kioo. "Ile traversi. Niliisema toka mbele ya pensheni. Bado iko ile ile."

Siku ya pili ya juma iliyofuata Mama alitupigia telefone kutoka Lubumbashi. Alikuwa amefika. Vitunga viwili bidudu walikuwa wamekwisha kuingia, aliviuza kwa hasara. Vitatu viliuzwa vizuri, siku moja. Mukubwa alikuwa amerudi ku masomo asubuhi ile, na deni la nusu. Akauliza habari ya kitunga cha sita.

Tulimwambia bibi wa Baba Kantonye amekitundika juu ya moto mu jikoni.

"Mumwambie ageuze samaki kila siku, asisahau ya chini," alisema. "Treni ikikuya, atie jina yangu juu, aiweke mu vago. Miye nitaenda kungojea ku gare."